HABARI YA GURUDUMU LA AKIBA

Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari ya kitu kidogo, ambacho watu wengi hukidharau kwa kuwa siku nyingi hakifanyi kazi yo yote. Kitu hicho ni gurudumu la akiba, yaani gurudumu lichukuliwalo pamoja na chombo, ili litumike siku gurudumu jingine litakapoharibika. Nasi twataka kusema hasa juu ya gurudumu la akiba la skuta, ile pikipiki ndogo yenye sakafu ya kuwekea miguu, ambayo wengi, hasa watu wa Unguja, huiita vespa.

Huenda msomaji akauliza, Je, hakuna habari kubwa kuliko hii? Twajibu ya kwamba sisi wa Ilula twaishi kwa magurudumu. Mtu atokaye Dar es Salaam kwa barabara kuu, akiisha kuupanda Mlima Kitonga wenye kona nyingi, hufika kwetu, na toka hapa hadi mjini Iringa husalia yapata kilometa 45. Kando ya barabara ataona matenga ya nyanya na magunia ya vitunguu yakingoja malori. Nyanya haingoji: lori likikwama kwa siku mbili, jasho la mkulima huoza ndani ya tenga. Basi kila mtu hapa, mkulima, mchuuzi, mwalimu na mgonjwa, mambo yake hutegemea kitu cha mviringo kilichojaa upepo. Upepo ukitoka, mambo husimama. Sisi wenyewe tulifundishwa neno hili kwa uchungu, nasi tutawasimulia.

MAZIKO TULIYOYAKOSA

Miaka michache iliyopita tulinunua skuta kuukuu kwa mtu aliyekuwa akihama. Ilikuwa Vespa ya zamani, yenye injini nzima na rangi iliyochakaa, tena haikuwa na gurudumu la akiba. Yule muuzaji alitwambia kwamba hakuwahi kulihitaji. Nasi tukafurahi kuipata kwa bei nafuu, tusiulize zaidi.

Siku moja katika mwezi wa pili, wakati wa mvua, kabla jua halijachomoza, mzee jirani yetu alibisha hodi mlangoni. Tulipomfungulia alisema, “Mwalimu, mdogo wangu amefariki usiku huu. Watamzika leo saa saba.” Maiti ilikuwa katika kijiji kilichoko ng’ambo ya Lugalo, upande wa kwenda Iringa, tena ndani, mbali na barabara kuu. Tukamjibu, “Pole sana, Baba. Tutakupeleka sisi.” Tukaondoka saa tatu na nusu, tukiamini kwamba tutafika mapema, tukae na wafiwa.

Hatukufika hata Lugalo, pale ulipo mnara wa vita ya mwaka 1891, ambamo askari wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani walioongozwa na Zelewski. Kabla ya hapo skuta ilianza kuyumba kwa nyuma kama mtu aliyelewa. Tuliposhuka tuliona msumari mrefu umezama katika tairi, na upepo wote umetoka. Tulikuwa na nini mikononi? Hatukuwa na gurudumu, wala spana, wala pampu, wala kiraka. Tulikuwa na miguu yetu tu.

Tukamwomba mzee apande lori lililotusimamia, yeye atangulie. Akakataa, akasema, “Tumetoka pamoja, tutafika pamoja.” Tukaisukuma skuta kwa zamu katika matope. Skuta isiyo na upepo ni nzito kuliko idhaniwavyo, na tairi lake hukunjamana chini ya rimu. Tulipompata fundi wa pancha, tuliukuta mpira wa ndani umesagika kwa kusukumwa vile, wala yeye hakuwa na mpira mwingine wa kimo kile. Akaweka kiraka juu ya kiraka, nao ukavuja, akaweka tena. Jua lilikuwa limekwisha kuinama tulipofika kijijini. Watu walikuwa wamerudi kutoka kaburini, wananawa mikono.

Mzee hakutulaumu. Alikaa na ndugu zake, akalia, akapewa maji. Jioni tuliporudi, alisema neno moja tu njiani: “Nilimbeba mgongoni alipokuwa mtoto. Nilitaka kumtupia udongo kwa mkono wangu.” Baada ya hayo akanyamaza hata Ilula. Laiti angetugombeza, mioyo yetu ingepata nafuu.

ASILI YA GURUDUMU LA AKIBA

Tokea siku ile tulianza kuuliza na kusoma habari za jambo hili, na mengine tuliyoyapata yatawapendeza wasomaji.

Tairi la kujazwa upepo lilipata kujulikana sana tangu mwaka 1888, kwa kazi ya John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo aliyekaa Belfast. Lilileta raha kubwa, kwa maana lilipunguza mitikisiko. Lakini lilileta na pancha pamoja nalo. Magari ya kwanza hayakuchukua gurudumu la akiba. Dereva alipopata pancha, ilimpasa alivue tairi palepale njiani, azibe tundu, alirudishe, ajaze upepo kwa mkono, iwe mvua au jua. Mwaka 1904, katika mji wa Llanelli katika nchi ya Wales, Thomas na Walter Davies, watu wa baba mmoja, walianza kutengeneza rimu isiyo na spoku, yenye tairi lililokwisha kujazwa upepo, iliyobanwa ubavuni mwa gurudumu lililoharibika. Wakaiita Stepney, kwa jina la mtaa wa karakana yao. Jina hilo likaenea mbali, hata leo watu wengi wa India huliita gurudumu la akiba “stepney”, ingawa wengi wao hawaijui Llanelli.

Skuta nayo ina habari yake. Baada ya Vita Kuu ya pili, kiwanda cha Piaggio katika mji wa Pontedera, nchi ya Italia, kilichokuwa kikitengeneza ndege, kilikuwa kimebomolewa kwa mabomu. Bwana Enrico Piaggio akataka chombo cha bei nafuu, ambacho watu waliofilisiwa na vita wangeweza kukinunua. Akampa kazi hiyo Corradino D’Ascanio, fundi mkuu wa ndege, mtu asiyependa pikipiki hata kidogo. Aliziona kuwa chafu kwa mnyororo wake, ngumu kupanda, na taabu kubwa zipatapo pancha. Basi mwaka 1946 ikatokea Vespa, maana yake “nyigu” kwa Kiitaliano.

Tazameni hekima ya fundi huyo. Katika baiskeli na pikipiki za kawaida, gurudumu hukaa katikati ya mikono miwili ya chuma, na ekseli hupita kati. Ukitaka kulitoa la nyuma, hukutana na mnyororo na breki pamoja. D’Ascanio alilishika gurudumu kwa upande mmoja tu, kama lishikwavyo gurudumu la ndege au la motokaa. Mnyororo akauondoa kabisa, kwa maana injini iko karibu na gurudumu la nyuma. Kwa hiyo mtu hufungua nati chache, akalivuta gurudumu kando, akatia jingine. Tena gurudumu la mbele na la nyuma ni sawasawa, hivyo moja la akiba latosha kwa yote mawili; na kwa kuwa ni dogo, huchukulika bila taabu.

Lakini udogo huo una gharama yake. Gurudumu la skuta yetu, lenye rimu ya inchi 10, huzunguka zaidi ya mara 700 katika kilometa moja, hali gurudumu la bodaboda huzunguka yapata mara 500. Basi tairi dogo huchakaa upesi, na shimo ambalo pikipiki kubwa hulipita, dogo hutumbukia ndani yake. Ndiyo sababu mwenye skuta ana haja ya akiba kuliko wenzake.

KULITAFUTA NA KULIFUNGA

Tulipoazimu kununua gurudumu la akiba, tulifanya kosa la kwanza. Tulimwagiza mtu aendaye Dar es Salaam, tukamwambia, “Tuletee gurudumu la Vespa.” Akaleta gurudumu zuri, jipya, nalo lilikuwa la inchi 8, kwa maana skuta nyingi za zamani zilikuwa na magurudumu ya kimo hicho. Halikutufaa. Basi ye yote anayetaka kununua, asome kwanza maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi lake. Letu lina maandishi 3.50-10: tarakimu za kwanza ni unene wa tairi kwa inchi, na za pili ni kipenyo cha rimu. Ayaandike katika karatasi, ampe amwagizaye. Tena ahesabu matundu ya nati katika rimu, kwa sababu mitambo haifanani yote.

Gurudumu lilipopatikana, ilibaki kazi ya kulitafutia mahali. Baadhi ya Vespa za baadaye hulificha gurudumu la akiba chini ya bati la ubavu wa kushoto, mahali palipoandaliwa tangu kiwandani. Yetu haikuwa na nafasi hiyo. Hivyo tulifunga kishikio cha chuma nyuma ya ngao ya mbele, ile ikingayo miguu na matope. Fundi wa kwanza alikifunga kwa skrubu mbili ndogo, nasi tukamlipa. Kabla ya mwezi kwisha, bati lilianza kupasuka kandokando ya matundu, kwa sababu bati la ngao ni jembamba, na gurudumu hutikisika katika kila shimo. Fundi wa pili aliweka kipande cha chuma bapa upande wa mbele na kingine upande wa nyuma, bati likawa katikati, ndipo akakaza nati kwa washa pana. Tangu hapo halikutikisika.

Katika kulifunga angalieni mambo matatu. Mguu wa kulia uweze kukanyaga breki bila kugusa gurudumu. Usukani uweze kugeuka hata mwisho, kulia na kushoto. Na gurudumu lifunikwe kwa turubai au kipande cha mfuko imara, kwa maana jua hupasua mpira, na mvua hula chuma. Twaongeza na la nne, nalo ni mnyororo mdogo wenye kufuli, kwa ajili ya wale wapendao kuvuna pasipo kupanda.

GURUDUMU LILILOLALA

Basi tulidhani ya kuwa tumemaliza. Ilikuwako akiba, tena nzuri, nasi tulipita sokoni tukijiona watu wenye busara. Miezi ikapita, labda minane au tisa. Hatukuligusa gurudumu lile, ila kulifuta vumbi.

Jioni moja, tukiwa peke yetu upande wa Mazombe, gurudumu la mbele lilipata pancha. Hatukufadhaika hata kidogo. Tukasimamisha skuta, tukatoa spana, tukaliondoa gurudumu bovu, tukalitia la akiba, tukakaza nati, tukaishusha skuta chini. Nalo la akiba likabonyea chini kama ndizi iliyoiva mno! Upepo hutoka polepole katika kila mpira, hata usio na tundu. Na kwa miezi ile yote hatukuupima hata mara moja. Tulikuwa tumebeba uzito mchana na usiku, lakini msaada haukuwamo.

Kijana mmoja wa bajaji alitukuta tumeketi juu ya jiwe. Akasimama, akasema, “Shikamoo, Mwalimu. Kuna nini?” Tukamweleza kwa aibu. Akafungua chini ya kiti chake, akatoa pampu ya mguu, akatujazia upepo, wala hakutaka kupokea kitu. Akasema tu, “Mimi kila Jumatatu nalipima la kwangu, maana hili ndilo linalonilisha.” Sisi tulio wakubwa tukafundishwa na kijana, nasi hatuoni haya kuyaandika.

Na hapa twataka mjue ya kwamba bajaji na skuta ni ndugu. Kiwanda kile kile cha Piaggio kilitoa chombo cha magurudumu matatu mwaka 1948, kikakiita Ape, yaani “nyuki”. Baadaye kampuni ya Bajaj ya India ilipata kibali cha kutengeneza vyombo hivyo vya Kiitaliano nchini mwake, ikaviendeleza. Na jina la kampuni hiyo ndilo tulifanyalo jina la chombo chenyewe. Kwa hiyo maonyo yafuatayo ni ya wenye bajaji pia, kwa maana magurudumu yao madogo yana rimu za namna ile ile.

HATARI AMBAYO WENGI HAWAIJUI

Rimu ya skuta haikutengenezwa kwa kipande kimoja. Ni sahani mbili za chuma zilizokutanishwa, tairi na mpira vikiwa katikati, kisha zikafungwa pamoja kwa nati. Hivyo katika gurudumu kuna nati za namna mbili. Za kwanza hulishika gurudumu kwenye ngoma ya breki; katika skuta yetu ni tano. Za pili huzishika zile sahani mbili zisiachane. Nazo ni tano vilevile. Mtu asiyejua huziona zote kuwa kitu kimoja.

Sasa fikirini. Tairi lililojaa upepo husukuma sahani zile mbili kwa nguvu nyingi, kila moja upande wake, wala hapana kitu kizizuiacho ila nati za pili. Mtu akizifungua nati hizo hali tairi lina upepo, sahani ya juu huweza kuruka kama jiwe la kombeo. Huvunja taya, hupofusha macho, nayo yaweza kuua.

Sisi tuliliona jambo hili kwa macho yetu katika kibanda cha fundi. Tulikuwa tumepeleka gurudumu letu la akiba libadilishwe tairi, kwa kuwa jua lilikuwa limelipasua. Lilikuwa limejaa upepo kabisa. Mwanafunzi wa fundi, mtoto wa miaka kama kumi na mitano, aliliweka kati ya magoti yake, akainama juu yake, akatia spana katika nati. Nati ya kwanza ikalegea. Ya pili ikalegea. Fundi alikuwa akizungumza nasi, na mgongo wake ulielekea kijana. Lakini masikio yake yaliisikia spana ikilia. Aligeuka, akamshika mkono kwa nguvu hata kijana akapiga kelele. Fundi hakusema neno kwanza. Alichukua msumari, akabonyeza katikati ya vali, upepo ukatoka kwa mluzi mrefu, nasi sote tukasimama tukiusikiliza mpaka ukaisha. Ndipo alipoinua kidevu chake, akamwonyesha kijana kovu pana chini yake, akasema, “Mimi sikuwa na mtu wa kunishika mkono.”

Tangu siku ile tulipaka rangi nyekundu nati zile tano zilishikazo gurudumu kwenye ngoma. Nyekundu ndizo za kufunguliwa njiani. Nyingine haziguswi kamwe njiani, wala haziguswi nyumbani mpaka upepo wote umetolewa, na kile kisindano cha ndani ya vali kimefunguliwa na kuondolewa kabisa. Kopo dogo la rangi lina bei ndogo kuliko jicho la mtoto.

JINSI YA KUBADILISHA

Twaandika sasa utaratibu kwa kifupi, ili aweza kuukata mtu na kuuweka pamoja na spana zake.

Kwanza, toka barabarani kabisa, uende mahali tambarare na pagumu. Katika barabara yetu malori hushuka kwa kasi, wala dereva hakuoni katika kona. Weka matawi nyuma yako kama alama, au kibao cha pembe tatu kama unacho. Zima injini, fungia petroli.

Pili, kabla ya kuinua chombo, legeza kidogo zile nati tano za ngoma, gurudumu likiwa bado chini, na mwenzako akikanyaga breki. Ukiinua kwanza, gurudumu litazunguka pamoja na spana.

Tatu, simamisha skuta juu ya stendi ya katikati. Gurudumu la kubadilishwa liinuliwe kwa kuukandamiza upande wa pili, kisha utie gogo au jiwe bapa chini ya sakafu lizuie. Usitie mkono chini ya chombo kisichozuiwa.

Nne, maliza kufungua nati, uzitie katika kofia au kitambaa zisipotee majanini. Vuta gurudumu kando, tia la akiba, rudisha nati zote kwa vidole kwanza, ndipo kwa spana.

Tano, usikaze nati kwa kufuata duara. Kaza moja, ruka ya pili, kaza ya tatu, uendelee hivyo hata zote zimekaa, ili gurudumu lisikae upande. Shusha chombo, ukaze mara ya mwisho. Ukiisha kwenda kilometa chache, simama uzijaribu tena.

Sita, upepo. Skuta kama yetu hutaka yapata ratili 18 kwa kila inchi ya mraba katika gurudumu la mbele. Katika la nyuma yapata 25 ikiwa mpandaji ni mmoja, na yapata 35 wakiwa wawili. Kila mmoja afuate kitabu cha chombo chake. Lakini la akiba lijazwe sikuzote kwa kipimo kikubwa cha nyuma. Kupunguza upepo njiani ni kazi ya dakika moja. Kuuongeza bila pampu haiwezekani.

Saba, gurudumu bovu lizibwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Anayesafiri huku la akiba limekwisha kutumika, huyo hana akiba.

Ndugu zetu wa bodaboda watasema, Sisi je? Pikipiki zenu hazina mahali pa gurudumu la tatu, nalo lingekuwa kubwa mno. Basi chukueni pampu ndogo, mpira wa ndani, viraka na gundi, pamoja na spana za ekseli. Hiyo ndiyo akiba yenu.

MWISHO WA HABARI

Mwaka jana, wakati wa mtihani wa kidato cha nne, tulimchukua binti wa jirani asubuhi kumpeleka shuleni, kwa kuwa alikuwa amelala nyumbani kwa ugonjwa. Katikati ya njia gurudumu la nyuma likapata pancha. Binti akaanza kulia. Tukampa kofia ashike nati, tukamwambia azihesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Tulipomaliza tulitazama saa. Dakika zilikuwa kumi na nane. Aliingia katika chumba cha mtihani mikono yake ikiwa na grisi, lakini kabla ya kengele.

Wazee wetu walisema, Akiba haiozi. Sisi twathubutu kuongeza ya kwamba akiba isiyotazamwa huoza, iwe mbegu darini, au dawa kabatini, au gurudumu nyuma ya ngao. Kwa hiyo tumeweka siku yetu: kila Jumamosi jioni twalipima upepo, twajaribu nati za kishikio, twahakikisha spana na pampu zimo.

Na yule mzee jirani yetu angaliko, nasi humchukua mara kwa mara mpaka sokoni. Hatujazungumza tena naye habari ya maziko yale. Lakini kila apandapo, kabla ya kuketi, huinama mbele, huufunua mfuko, na kulibonyeza lile gurudumu la akiba kwa kidole gumba. Likiwa gumu hutikisa kichwa kidogo, akasema, “Haya, Mwalimu, twende.” Nasi twaenda.